Bendera na Mgao wa Waswahili: Tafakuri juu ya Mkataba wa 1890

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya bendera zilizowahi kupepea katika upwa wa Afrika Mashariki na mgao wa Waswahili kimaeneo. Hoja yetu ni kwamba Waswahili wana migao miwili isiyolingana. Upo mgao wa ndani, unaotokana na miji, mataifa na lahaja. Na upo mgao wa nje, uliotokana na mikataba ya watawala na kutangazwa kwa bendera. Ili kuifafanua hoja hii, tunawalinganisha Waswahili na Wafrisia wa Ulaya, ambao waliguswa na mkataba uleule wa 1890. Hatimaye tunaonyesha athari za kuichanganya migao hii miwili katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili.

1. Utangulizi

Mnamo tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba ambao wanahistoria huuita Mkataba wa Helgoland na Zanzibar. Helgoland ni kisiwa kidogo cha miamba myekundu katika Bahari ya Kaskazini. Wenyeji wake ni Wafrisia, na lahaja yao, Kihalunder, ni mojawapo ya lahaja za Kifrisia cha Kaskazini. Kisiwa hicho kilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1807. Kwa mkataba huo Uingereza ilikikabidhi kwa Ujerumani. Ujerumani nayo ilikubali himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, ikaiachia Uingereza Witu, na kupata ahadi kwamba Sultani angeshawishiwa kuiuza pwani ya Mrima.

Husemwa mara nyingi kwamba Ujerumani iliitoa Zanzibar ili ipewe Helgoland. Kauli hiyo si sahihi, kwani Zanzibar haikuwahi kuwa mali ya Ujerumani; ilikuwa dola ya Sultani. Ilichokiacha Ujerumani ni madai yake. Hata hivyo, kauli hiyo inatukumbusha jambo moja la kweli: kwamba Waswahili na Wafrisia, jamii mbili za pwani zisizofahamiana, ziliwekwa katika karatasi moja bila ya yeyote kati yao kuulizwa.

Je, bendera inatueleza nini kuhusu watu wanaoishi chini yake? Swali hili si la wanahistoria pekee. Mwanafunzi wa fasihi hukutana nalo kila anapoambiwa kwamba mshairi fulani ni wa Kenya na mwingine ni wa Tanzania, ilhali wote wawili walitunga kabla ya nchi hizo kuwapo.

2. Msamiati wa bendera

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Bendera ni neno lililotoholewa kutoka Kireno, bandeira. Liliingia katika Kiswahili pamoja na maneno kama meza, leso, karata na gereza, baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498 na Wareno kujikita pwani katika karne mbili zilizofuata. Kamusi huorodhesha pia neno beramu kwa maana hiyohiyo, lakini matumizi yake yamefifia na hukutana nalo zaidi mtu anayesoma tungo za kale.

Tukiyatazama maneno yanayoandamana na bendera, tunaona kwamba mengi ni ya baharini. Bendera hutwekwa, kama tanga linavyotwekwa. Hufungwa kwenye mlingoti, ambao kwa asili ni wa chombo. Methali nayo husema kwamba bendera hufuata upepo. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumsuta mtu asiye na msimamo. Lakini kwa jamii iliyosafiri kwa kaskazi na kusi, upepo ulikuwa jambo la kusomwa na kutumiwa. Basi msamiati huu unadokeza kwamba bendera ya dola ilipokelewa na Waswahili kama kitu cha chomboni: alama ya mgeni anayewasili, ya kumtambulisha ni nani na ametoka wapi.

Hii haina maana kwamba Waswahili hawakuwa na alama zao za utawala. Walikuwa nazo, ila nyingi zilikuwa za kusikika. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu ni mifano mashuhuri. Siwa ilipulizwa katika shughuli kubwa za mji, na ngoma za enzi zilikuwa na nafasi kama hiyo. Alama ya namna hii ilihusu mji mmoja na watu waliokuwa na haki katika mji huo. Haikuchora mpaka nyikani.

3. Mgao wa ndani: mji, taifa na lahaja

Mgao wa Waswahili wenyewe ulijengwa juu ya mji. Mtu alikuwa Mwamu, Mpate, Mvita au Mvumba kabla ya kuwa Mswahili. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mombasa na Thenashara Taifa zake, yaani mataifa kumi na mawili. Haya yaligawanyika katika makundi mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni, ambao huitwa pia Wagunya. Msomaji atatambua kwamba mengi ya majina haya ni majina ya miji. Mombasa ilikuwa, kwa namna fulani, kumbukumbu ya upwa mzima iliyokusanywa katika kisiwa kimoja. Aidha, neno taifa lilitumika hapa kwa maana tofauti na tuliyoizoea leo: kundi la watu wenye asili na heshima yao ndani ya mji, wala si nchi yenye bendera.

Lahaja zinaufuata mgao huu. Kiamu, Kipate na Kisiu zinaitwa kwa miji. Kimvita ni cha Mombasa. Kivumba ni cha Wasini na Vanga. Unguja ina Kiunguja cha mjini, Kimakunduchi cha kusini na Kitumbatu cha kaskazini. Kibajuni kinaanzia visiwa vya Lamu na kuendelea hadi Kismayu, na Chimwini kinapatikana Barawa, zote mbili nchini Somalia.

Umoja wa lugha haukuzuia uhasama. Kiasi cha mwaka 1812, Pate na Mombasa ziliishambulia Lamu katika vita vya Shela na kushindwa vibaya. Lamu, kwa kuhofia kisasi, iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Mashairi mengi ya kisiasa ya Muyaka bin Haji yanatokana na ushindani wa miji hiyo na mapambano ya Mombasa na Oman. Uzalendo uliomo ndani yake ni uzalendo wa Mvita. Mwalimu anayeyafundisha kama mashairi ya kizalendo ya Kenya anaupachika juu yake uzalendo ambao Muyaka, aliyefariki kiasi cha 1840, hangeweza kuufahamu.

4. Bendera nyekundu na karatasi za Ulaya

Mgao wa nje ulikuja kwa hatua. Katika Mombasa yenyewe, Wamazrui walitafuta bendera ya Uingereza ili iwakinge dhidi ya Seyyid Said. Kapteni Owen akawakubalia mnamo Februari 1824, lakini serikali yake haikuridhia, na himaya hiyo ikaondolewa mwaka 1826. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji. Tangu hapo bendera nyekundu isiyo na nakshi yoyote ikapepea pwani. Misafara ya biashara ya ndovu na watumwa iliibeba bendera hiyo hadi bara, na pamoja nayo ikabeba Kiunguja. Hatimaye, katika mkutano wa Mombasa wa 1928, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia usanifishaji. Hakuna bendera iliyoiteua lahaja hiyo moja kwa moja, lakini njia ilizopita bendera nyekundu zilikuwa zimekwisha kuitayarishia uwanja.

Yapo mambo matatu yanayodhihirisha kwamba bendera na watu si kitu kimoja. Kwanza, mwaka 1861 dola ya Seyyid Said iligawanywa kuwa Oman na Zanzibar, na zote mbili zikaendelea kutumia bendera nyekundu. Rangi moja ikawa ya tawala mbili. Pili, mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliuwekea mpaka utawala wa Sayyid Barghash. Waliamua kwamba, mbali na visiwa na miji kadhaa ya kaskazini, milki yake kwenye bara ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Nyuma ya ukanda huo walijigawia maeneo kwa mstari uliotoka mto Umba hadi ziwa Victoria. Mstari huo ulianzia katika eneo la Wavumba, ambao mji wao wa Vanga uko karibu na mpaka hadi leo.

Tatu ni kisa cha Mrima. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodishia kampuni ya Wajerumani pwani hiyo. Kampuni ilipokwenda kuchukua miji mwezi Agosti, mgogoro kati ya bendera yake na bendera ya Sultani ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha moto Pangani. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vilifuata, na Abushiri akanyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani alilipwa marki milioni 4, na bendera yake ikatoka Mrima moja kwa moja. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivihifadhi vita hivyo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Hata anwani ya utenzi huo inafaa kusomwa kwa makini: kilichotamalakiwa ni Mrima, eneo la Waswahili lenye jina la Kiswahili. Jina la koloni halimo.

Bara nako bendera haikufika kwa amani. Kampuni ya Waingereza ilijenga kituo chake hapa Machakos mwaka 1889. Muda mfupi baadaye, mapema katika miaka ya 1890, watu wa kampuni waliukata mti wa ithembo huko Mutituni, yaani mahali patakatifu pa ibada na kafara za Akamba, ili wapate mlingoti wa bendera. Wenyeji wa Iveti, wakiongozwa na nabii wa kike Syonguu, waliasi. Kwa Akamba, mti ule ulikuwa kitovu cha utui, yaani ujirani unaokutana kwa ibada na mashauri. Kampuni ilihitaji mti mrefu ulionyooka tu. Kisa hiki kinaufafanua mgao wa ndani na wa nje kuliko nadharia nyingi: alama moja iliondolewa ili nyingine ipate pa kusimama.

5. Wafrisia: jamii iliyogawanyika na bendera zake

Turejee sasa kwa wale walioshiriki nasi mkataba wa 1890. Wafrisia wanaishi katika maeneo matatu. Kundi kubwa liko katika mkoa wa Friesland nchini Uholanzi, ambako Kifrisia cha Magharibi kina hadhi ya lugha rasmi na wasemaji zaidi ya laki nne. Kundi la pili, dogo kabisa, liko Saterland nchini Ujerumani, lenye wasemaji takriban elfu mbili. La tatu liko kaskazini mwa Ujerumani, karibu na Denmark, na wasemaji wake hawazidi elfu kumi. Helgoland imo katika kundi hili la tatu. Msemaji wa Friesland na msemaji wa Helgoland hawaelewani kwa lugha zao za asili.

Mgao wao wa zamani, kama ule wa Thenashara Taifa, ulikuwa wa hesabu ya kijadi. Husimuliwa kwamba Wafrisia wa zama za kati walikuwa na nchi saba za pwani. Bendera ya Friesland, iliyowekwa rasmi mwaka 1897, ina mistari ya buluu na nyeupe iliyokaa mshazari na majani saba mekundu ya yungiyungi, ambayo mgeni hudhani ni mioyo. Kila jani huhesabiwa kuwa nchi mojawapo. Wafrisia wa Kaskazini nao wana bendera ya dhahabu, nyekundu na buluu, na Helgoland ina yake ya kijani, nyekundu na nyeupe, rangi zinazofasiriwa kuwa nyasi, majabali na mchanga wa kisiwa hicho. Mwaka 2006 kikundi cha Wafrisia kilibuni bendera moja ya Wafrisia wote, ingawa hakuna dola iliyo nyuma yake.

Watu wa Helgoland waliruhusiwa kuchagua uraia wa Kiingereza ndani ya muda maalumu. Hawakuulizwa kama walitaka kisiwa chao kibadilishwe. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia walihamishwa wote, na baada ya vita Waingereza wakakitumia kisiwa hicho kwa majaribio ya mabomu hadi kiliporejeshwa mwaka 1952. Wakazi walirudi. Bendera za wakubwa zilibadilika juu ya vichwa vyao. Kihalunder kikasalia, japo kwa wasemaji wachache.

Tofauti kati yetu na wao nayo ni muhimu. Wafrisia walijitengenezea bendera ili kuilinda lugha inayopungua wasemaji. Waswahili hawana bendera ya pamoja, na lugha yao imeenea kupita mipaka yao wenyewe. Hatari inayowakabili Waswahili si kutoweka kwa Kiswahili. Ni kutoweka kwa Waswahili ndani ya Kiswahili: lugha ikawa ya wote, wenyewe wakasahaulika, na lahaja zao zikahesabiwa kuwa makosa.

6. Bendera za uhuru

Katika pwani ya Kenya, makubaliano ya Desemba 1895 yaliuacha ukanda wa maili 10 kuwa milki ya Sultani, ukitawaliwa na Uingereza kwa malipo ya kila mwaka. Bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda ulibaki kuwa himaya. Bendera nyekundu iliendelea kupepea kwenye ngome ya Fort Jesus kama alama ya enzi ya Sultani. Uhuru ulipokaribia, wapo waliotaka Mwambao ujitenge na wapo waliotaka uungane na Kenya. Suala hilo lilihitimishwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963, na bendera ya Kenya ikapandishwa tarehe 12 Desemba mwaka huo.

Siku mbili kabla yake Zanzibar ilikuwa imepata uhuru chini ya bendera nyekundu iliyotiwa duara la kijani na karafuu mbili. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa. Baadaye ikaja ya buluu, nyeusi na kijani, na mwezi Aprili ukafuata Muungano na Tanganyika. Mwaka 2005 Zanzibar ilipandisha tena bendera yake, ikiwa na rangi hizo tatu na bendera ya Tanzania katika pembe ya juu.

Mbajuni amepitia mengi zaidi. Kismayu ilikuwa chini ya Sultani, kisha Waingereza, kisha ikakabidhiwa Italia mwaka 1925, na mwaka 1960 ikawa ndani ya Somalia huru. Ndugu zake wa Faza walibaki upande wa Kenya. Lahaja ni moja. Bendera ni mbili.

7. Athari kwa somo la fasihi

Mihtasari yetu hugawa fasihi kwa bendera: ya Kenya huku, ya Tanzania kule. Mgao huu una manufaa yake kwa kazi zilizoandikwa baada ya uhuru, maana sera za nchi hizi ziliathiri maudhui na uchapishaji. Lakini unapotumiwa kama kigezo pekee huleta matatizo matatu.

Mosi, huzipotosha tungo za kale. Mwana Kupona wa Pate na Siu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyetunga Al-Inkishafi, na Muyaka wa Mombasa hawakuwa na nchi iitwayo Kenya. Miji yao ndiyo iliyokuwa mipaka ya matumaini na majonzi yao.

Pili, huwakata waandishi vipande. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909 chini ya bendera ya Wajerumani, akafanya kazi chini ya ile ya Waingereza, na kufariki mwaka 1962 katika Tanganyika huru. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na baadaye akafanya kazi Dar es Salaam. Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, imejaa Kimvita. Msomaji anayejua bendera ya mshairi lakini hajui lahaja yake amebeba ufunguo usiofungua mlango huo.

Tatu, huidhulumu lahaja. Mwanafunzi wa Lamu au Vanga huandika neno la kwao na kupigiwa mstari mwekundu, ilhali neno hilohilo husifiwa kama uhuru wa mshairi linapotokea katika diwani. Sisi wa bara, tuliokipata Kiswahili darasani kikiwa tayari kimesanifishwa, ndio tunaopaswa kulitahadhari jambo hili zaidi, kwa kuwa wengi wetu ndio tutakaoshika kalamu hiyo nyekundu.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila utungo wa kale usomwe kwa kuuliza maswali kwa utaratibu huu: umetoka mji gani? Umetungwa kwa lahaja ipi? Mji huo ulikuwa na uhusiano gani na miji jirani? Bendera gani ilipepea wakati huo, na mtunzi aliipokea vipi? Swali la bendera lisiachwe, ila lisitangulizwe.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba bendera katika upwa wa Afrika Mashariki zilitangaza nani anatawala, lakini hazikueleza nani anaishi pale wala anasema vipi. Mkataba wa 1890 uliwapa Waswahili na Wafrisia mabwana wapya kwa mpigo mmoja. Wafrisia waliitikia mgawanyiko wao kwa kushona bendera zao. Waswahili walikuwa na utenzi, shairi na lahaja, na humo ndimo mipaka yao ya kweli inamopatikana. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kujifunza kuisoma mipaka hiyo kabla wasemaji wake wa mwisho wa Kivumba na Kibajuni hawajaanza kuambiwa na watoto wao kwamba wanakosea.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha maana ya neno taifa katika Thenashara Taifa na maana yake katika matumizi ya kisiasa ya leo.
2. Chagua utungo mmoja uliotungwa kabla ya 1886. Onyesha jinsi mji na lahaja ya mtunzi vinavyosaidia kuufasiri.
3. Je, mwalimu wa shule ya upili asahihishe vipi insha yenye maneno ya lahaja? Toa sababu.
4. Jadili kauli kwamba kuenea kwa Kiswahili kumewafaidi wasemaji wake wapya kuliko Waswahili wenyewe.